Usiulize biti ngapi, uliza inachujaje

Nikizungumza na wapenzi wa muziki kuhusu vifaa vya kugeuza namba kuwa sauti, swali la kwanza huwa lilelile: ni cha biti ngapi, yaani kila namba huandikwa kwa tarakimu ngapi za 0 na 1? Wauzaji wanalijua, ndiyo maana 24 au 32 huandikwa kubwa kwenye boksi. Mimi naona tunauliza kisicho muhimu. Kazi kubwa ya chipu ya sauti ni kuchuja.

Chukua CD. Kila sekunde hutoa namba 44,100 kwa spika ya kushoto na idadi hiyohiyo kwa ya kulia. Kila namba ina biti 16, yaani huchagua kiwango kimoja kati ya 65,536. Chipu husoma namba, hutoa volti inayolingana nayo, kisha huishikilia mpaka nyingine ifike. Ukiitazama volti hiyo kwenye osiloskopu, kifaa kinachoichora kwenye skrini, utaona vidaraja, na hapo ndipo wengi husema dijitali imeukatakata muziki. Si kweli. Wimbi limo mle ndani zima, ila limechanganyika na vivuli vyake, yaani nakala zake zisizotakiwa, vinavyojipanga pande zote mbili za kilohezi 44.1 (kilohezi moja ni mitetemo elfu moja kwa sekunde). Mlio wa kilohezi 20, kwa mfano, una kivuli kwenye 24.1. Ni kama nazi iliyokunwa na kutiwa maji: tui limo, machicha yamo, kinachokosekana ni kifumbu. Sikio halisikii 24.1, lakini amplifaya inaweza kuvichanganya vivuli hivyo na kuzaa milio ya chini, inayosikika, ambayo mwanamuziki hakuipiga.

Nafasi ya kuchuja ni finyu mno: uache 20 ipite, uizuie 24.1. Sony, katika CDP-101 iliyotoka Japani Oktoba 1982, ilitumia kichujio kikali cha analogia, kinachochuja volti yenyewe na si namba, baada ya chipu. Kichujio cha namna hiyo hukata vizuri, lakini huchelewesha sauti nyembamba kuliko zile nzito.

Kisa cha Philips, walioibuni CD pamoja na Sony, ndicho ninachokipenda. Walikuwa wamekwisha tengeneza chipu ya biti 14, TDA1540, halafu kiwango cha CD kikaamuliwa kuwa biti 16, kama Sony ilivyotaka. Badala ya kuitupa, waliitangulizia chipu nyingine, SAA7030, iliyokokotoa namba tatu mpya kati ya kila mbili zilizosomwa kwenye diski. Kasi ikapanda mara nne hadi kilohezi 176.4. Vivuli vya mwanzo vikafutwa kwa hesabu, vilivyobaki vikasogea mbali karibu na 176.4, na kichujio laini tu cha analogia kikatosha. Na zile biti mbili zilizopungua? Kosa la kukadiria kila namba kwa biti 14 lilirudishwa na kutolewa kwenye namba iliyofuata, hivyo kelele ikasukumwa juu, nje ya masafa ya sikio. Chipu ya biti 14 ikatoa sauti yenye usafi wa biti 16. Baadaye Philips hao hao walileta teknolojia ya Bitstream, yenye biti moja tu, ikikimbia mara 256 ya kasi ya CD, zaidi ya megahezi 11. Biti moja! Chipu nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo, zikitumia biti chache kwa kasi kubwa.

Siku hizi vifaa vingi hukupa menyu ya vichujio. Kimoja huchelewesha sauti zote, nyembamba na nzito, kwa muda uleule, lakini huweka mtikisiko mdogo kabla ya mdundo, kingine huusogeza wote nyuma yake. Watu hubishana sana hapa. Mtikisiko huo uko karibu na kilohezi 22, nami nauacha uwe, nachagua cha kwanza.

Nisichokubali ni vifaa vinavyouzwa bila kichujio kabisa, kwa madai kwamba hivyo ndivyo sauti inavyokuwa ya asili. Kule kushikilia volti peke yake hupunguza sauti kwa desibeli 3 hivi kwenye kilohezi 20, na vivuli vyote hubaki. Mimi ni msikilizaji wa taarabu. Mng'ao wa nyuzi za kanuni na mkwaruzo wa upinde juu ya fidla viko huko juu, na vikififia navitambua mara moja.