Mama Wawili, Sufuria Moja

Kapu letu la mboga hutoka shamba moja upande wa Maseno. Wapangaji wa ploti yetu hapa Migosi tunalipa mwanzo wa mwezi, na kila Jumamosi matatu inatushushia mzigo. Kuchagua hakuna. Shamba likitoa sukuma, utakula sukuma; mvua ya Aprili ikishika, utakula majani mpaka uanze kujikagua kwenye kioo.

Sasa mimi mtu wa Mombasa. Mboga kwangu ni mchicha wa nazi, basi. Jumamosi hiyo kapu likaja na kunde, furushi zima la mrenda, ile mboga ya utelezi, na chupa ya maziwa iliyosafiri na jua la Kisumu. Nikaketi mlangoni kuchambua. Hapo ndipo balaa huanzia: ukichambua mboga nje, umeitisha baraza.

Mama mwenye nyumba alifika wa kwanza, sufuria ya kunde na mrenda ikiwa tayari kwenye meko. "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "kunde bila magadi utazitafuna mpaka Jumatatu." Akatia kidogo. Kidogo chake ni cha mtu aliyelea watoto wengi. Simu ikalia, akatoka.

Mara akaingia mama wa mlango wa pili, mtu wa Vihiga, na chupa ya soda mkononi. Ndani ilikuwa musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe yanayochujwa tone kwa tone. Kwake yeye, magadi ya dukani ni ya wavivu.

"Yule amekwambia utie magadi, eti?"

Nikafungua mdomo nimwambie yameshaingia. Lakini mama wa watu ameshainamisha chupa, utamshika mkono? Mboga zikawa kijani cha kutisha. Nikainua mwiko, uzi wa mrenda ukanifuata kutoka sufuriani mpaka kifungo cha shati, na haukukatika.

Mama mwenye nyumba akarudi. Wakatazamana, wakaitazama chupa, wakanitazama mimi.

"Maziwa!" wakasema kwa pamoja. Ndilo jambo la pekee walilokubaliana.

Nikamimina. Yalitoka kwa mabonge, maana yalikuwa yameshaganda nusu. Shuleni tulifunzwa kwamba asidi ikikutana na magadi, gesi hutoka. Maabarani ilitoka kwa adabu, ikipita kwenye mrija. Hapa sufuria ilifoka kama bia iliyomiminwa na mtu mwenye haraka. Na povu la kawaida hupasuka. La mrenda hunyooka. Lilipanda, likainua kifuniko, likateremka ubavuni, likazima moto wa meko, kisha likaelekea sakafuni kwa mwendo wa mtu asiye na presha. Nilipopata akili ya kufunga gesi, ndara ya mama mwenye nyumba ilikuwa imeshanata na yeye amebaki na mguu mmoja hewani, kamshika bega hasimu wake.

"Nani alikufunza kumimina maziwa namna hiyo?" akauliza mmoja.

"Watu wa pwani," akajibu mwenzake, akitikisa kichwa.

Nilionja kilichobaki. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Nikakaanga mayai.

Wao hawakukubali imwagwe. Kila mmoja aliomba bakuli lake, akafunika na sahani, akaenda kumwonyesha mzee wake jinsi yule mwingine anavyoharibu mboga.