Daktari aonyeshwe hesabu yake

Ni kweli: madaktari wengi hawajui wanaandika antibiotiki (dawa za kuua bakteria) kiasi gani wakilinganishwa na wenzao. Uingereza walijaribu kuwaonyesha mwaka 2014. Vituo vya madaktari wa familia vilivyoongoza kwa kuandika antibiotiki vilipelekewa barua ya Mganga Mkuu, ikiwaambia wazi kwamba asilimia 80 ya vituo vya eneo lao vinaandika pungufu yao. Antibiotiki walizoandika zikapungua kwa asilimia 3 hivi. Kwa barua tu!

Hapa Tanzania mtoto ana mafua, kamasi nyepesi, homa hana, na bado anatoka na antibiotiki ya amoksilini. Fomu za bima zina jina la daktari na dawa aliyoandika. Wajumlishieni madaktari antibiotiki walizoandika, wapelekewe hesabu hiyo kila mwezi.