Kabla ya sindano, damu ipelekwe maabara

Hapa Malindi ukitaja usugu wa dawa, yaani bakteria kutosikia tena dawa, lawama zinamwendea yule yule: mtu anayeingia duka la dawa kuomba "rangi mbili", zile kapsuli za antibiotiki, nne tu, kwa kuwa hela ya dozi nzima hana. Kweli, ana makosa. Lakini nimechoka kuona mzigo wote anatwikwa yeye, na ya wodini hayasemwi.

Mgonjwa analetwa joto limepanda, anatetemeka, moyo unakwenda mbio. Daktari anahofia bakteria wameingia kwenye damu. Anatundikiwa dripu, anachomwa sindano ya antibiotiki, seftriaksoni. Siku ya tatu homa iko pale pale, dawa inabadilishwa. Kwa msingi gani? Mara nyingi ni kubahatisha, maana damu yake haikuoteshwa maabara kuona ni bakteria gani.

Sindano ya kwanza siipingi. Maambukizi ya damu hayangoji majibu. Ninachodai ni kwamba kabla ya sindano hiyo ngozi isafishwe, damu ivutwe, itiwe kwenye chupa yenye lishe ya bakteria na ipelekwe maabara. Mara nyingi siku moja au mbili zinatosha bakteria kuota. Kisha hutandazwa kwenye kisahani na kuwekewa vijikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayowaweza huzungukwa na duara safi. Iliyoshindwa, utawaona wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Jicho tu linatosha kuona tofauti.

Na bakteria hawa si wa mchezo. Wako akina Klebsiella wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja seftriaksoni, na jeni za ujuzi huo huwapa wenzao, hata wa aina nyingine. Wodini husafiri kwa mikono isiyonawiwa na kwa mipira ya dripu iliyokaa mshipani kupita kiasi. Ndiyo maana mtoto njiti, ambaye hajawahi kumeza kidonge maishani mwake, anaweza kupata bakteria sugu. Huyo naye alikatiza dozi?

Ushahidi hauko mbali. Kilifi, kusini yetu tu hapo, hospitali ikishirikiana na watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, imekuwa ikiotesha damu za watoto wanaolazwa tangu 1998. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini humo walikuwa na bakteria kwenye damu. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2011, ulikuta kwamba miongoni mwa watoto walioambukizwa bakteria wa damu wakiwa tayari wamelazwa, zaidi ya nusu walifariki. Duniani kote, usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua watu milioni 1.27 mwaka 2019.

Bajeti ya kaunti ikisomwa, tunasikia jengo jipya, ambulensi mpya. Chupa za kuotesha damu hazikatiwi utepe, basi hakuna anayezipigania.

Wewe unayeuguza mtu wako, muulize muuguzi kwa adabu: "Dada, damu imeshachukuliwa kabla ya dawa?" Ukiambiwa chupa zimekwisha, usigombane naye, si yeye anayeziagiza. Andika tarehe na jina la wodi, umpelekee mwakilishi wa wadi yako, na umtake akalisemee kwenye bunge la kaunti.