Masaji ya limfu si ya kupunguza unene

Mwandishi, asante kwa makala, ila pale uliposema masaji ya limfu (majimaji ya mwilini yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe) inatoa sumu na kupunguza unene naomba nipinge. Sumu huondolewa na ini na figo. Masaji hii husukuma majimaji yaliyotuama chini ya ngozi, mafuta yanabaki palepale.

Wanaoihitaji hasa ni watu kama shangazi yangu hapa Majengo, Moshi, aliyeondolewa titi na mitoki (tezi za limfu) ya kwapani kwa sababu ya saratani. Mkono ulivimba hadi bangili hazipiti. Anapapaswa polepole mno, ngozi ikivutwa kidogo tu, kuanzia shingoni na kifuani ndipo washuke mkononi, kisha anafungwa bendeji ya kubana. Bendeji na mazoezi ndivyo vinavyozuia uvimbe usirudi haraka, maana limfu haina moyo wa kuisukuma, inategemea sana misuli na pumzi. Siku anazopapaswa analala vizuri, na kwake hilo ni kubwa.

Wenye saluni mjini, tafadhali muulizeni mteja kwanza. Mguu mmoja umevimba ghafla na unauma? Huenda kuna damu iliyoganda. Ana homa, ngozi nyekundu yenye joto, au moyo dhaifu? Msimguse, aende hospitali.