Ruhusa ya mdomo

Nchi zilizokutana Geneva mwaka 2006 zilikubaliana kuhamia televisheni ya dijitali, na kwamba ulinzi wa televisheni ya analogi dhidi ya kuingiliwa na mawimbi ya jirani, kwenye UHF (masafa yanayobeba televisheni), ukome tarehe 17 Juni 2015. Kwetu Lubumbashi, Kongo, siku ile ilipita kama nyingine. Hakuna fundi aliyepanda mnarani kuzima kitu, na mtaani Katuba picha za chenga ziliendelea kuonekana. Vituo vilivumiliwa. Ila kuvumiliwa si sawa na kuruhusiwa, na hapo ndipo ninapogombana na pande zote mbili: wanaotaka vituo vidogo viongezewe muda wa kubaki analogi, na wanaotaka vizimwe.

Wanaotaka vituo vidogo vipewe muda wana hoja nzito kuliko ile wanayoisema. Kwa kawaida wanalia bei ya mitambo. Kumbe kuna kubwa zaidi. Kwenye analogi kituo kina mnara wake, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika ni jenereta yake na mazutu (dizeli) yake. Kwenye dijitali, masafa yaliyobeba kituo kimoja yanabeba kumi au zaidi, vikiwa vimepakiwa pamoja na mwendeshaji mmoja wa multipleksi, yaani mtambo unaounganisha vituo vingi kwenye masafa mamoja. Mazutu yanapungua, ni kweli. Lakini mwendeshaji yule unamlipa kila mwezi, na swichi ya kukuzima inahamia kwake. Katika mji ambao Nyota, televisheni ya mwanasiasa Moïse Katumbi, ilifungwa Januari 2016 kwa sababu iliyotajwa kuwa kodi, mwenye kituo anayeogopa kukabidhi swichi si adui wa maendeleo. Wakenya waliligombania hilohilo: Citizen, NTV na KTN viliomba muda, mahakama ikakataa, vikakaa gizani karibu wiki tatu, Februari hadi Machi 2015. Walichotaka hasa ni kubeba mawimbi yao wenyewe.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Anayebaki analogi amekalia masafa ambayo wengi wangegawana. Mpaka wetu na Zambia, pale Kasumbalesa, uko kilomita 90 hivi, na tangu 2015 analogi yetu ya UHF haina ulinzi wa mkataba. Mawimbi ya Zambia yakituingilia, tutashtaki kwa nani? Na aliyekwisha lipia dijitali anamwona mwenzake akichelewa bila kuulizwa.

Marekani ilisogeza tarehe zake za kuzima analogi, tena sana. Mwaka 2009 Kongresi, bunge lao, iliihamisha ile ya vituo vikubwa kutoka 17 Februari hadi 12 Juni, fedha za kuponi za dekoda zikiwa zimekwisha. Vituo vya nguvu ndogo viliachiwa hadi 13 Julai 2021: miaka 12 baada ya vikubwa. Sioni ubaya wa muda mrefu namna hiyo, kwa sababu kila tarehe iliandikwa, na mshindani aliweza kuisoma.

Sisi huku, nani atie saini? CSAC, baraza la utangazaji, inaangalia yanayosemwa hewani, ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, inaangalia masafa, na wizara ina neno lake. Mwenye kituo anazunguka milango mitatu na kurudi na ahadi ya mdomo. Kwa ahadi hiyo benki haikopeshi. Mbaya zaidi, inamfundisha adabu: asubuhi akitaka kumhoji gavana kwa ukali, anakumbuka kwanza kwamba yuko hewani kwa hisani.

Kwa hiyo vituo vidogo vipewe muda, hata mrefu, lakini kwa karatasi moja iliyobandikwa hadharani: jina la kituo, masafa, sababu, siku ya mwisho. Wapo watakaoipata kwa undugu, najua. Angalau majina yao tutayasoma ukutani.