Namba 2147483647 ingefaa kufundishwa skuli

Katika skuli zetu za Unguja na Pemba, namba tasa (zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) hufundishwa kama orodha inayoanzia 2 na kuishia 97. Mwanafunzi huikariri, akajibia mtihani, mambo yakaisha. Kwa maoni yangu, orodha hiyo inaficha lililo tamu zaidi katika somo lenyewe, nalo ni kwamba namba kubwa sana inaweza kuthibitishwa kuwa ni tasa bila ya kujaribu kila kigawo. Mfano ninaoupenda ni 2147483647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, ambayo mwanahisabati Leonhard Euler aliithibitisha kuwa tasa mwaka 1772, akiwa karibu haoni tena.

Njia yake huonekana vizuri zaidi katika namba ndogo. Kipeo kikiwa 13, tunapata 8191. Kila kigawo chake kilicho tasa, kikigawanywa kwa 26 (kipeo mara mbili), lazima kibakishe 1, na kwa kuwa kipeuo cha pili cha 8191 ni 90 na ushei, hatuna haja ya kuvuka hapo. Zinasalia 27, 53 na 79 tu. Ya kwanza si tasa. 8191 ikigawanywa kwa 53 inabakisha 29, na ikigawanywa kwa 79 inabakisha 54. Nilipoyaandika haya ubaoni katika tuisheni ya jioni mjini Wete, kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, ndiyo tumeshamaliza?" Tulikuwa tumeshamaliza. Kwa kipeo cha 11, namba ya kwanza kabisa ya kujaribiwa, 23, inaiangusha 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Kwa kipeo cha 31, kigawo lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 62, na pia kibakishe 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Kipeuo cha pili cha 2147483647 hakifiki 46341, na chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700, lakini zinazotimiza masharti yote mawili hazifiki 100.

Atakayeuliza faida, ipo. Anza na namba yoyote kuanzia 1 hadi 2147483646, izidishe kwa 16807, igawanye kwa 2147483647, chukua baki, kisha rudia: utazipitia zote kabla ya kurudi ulikoanzia. Kompyuta zimetumia njia hiyo kutoa namba za nasibu, na isingewezekana kama namba hii isingekuwa tasa.

Wapo watakaopendelea namba tasa ile iliyogunduliwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320. Sina ugomvi nayo, ila darasani haikaguliki. Ya Euler inakaguliwa: darasa la wanafunzi 40 likigawana kazi, kila mmoja atapata namba mbili au tatu za kujaribu, na kugawanya kwa kalamu na karatasi wote wanakujua tangu msingi.