Mafuta safi ya Ulaya, ardhi ya Kisarawe

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka lengo kwamba ifikapo 2010, asilimia 5.75 ya mafuta ya magari yake yawe ya mimea. Mwaka 2009 ukapandisha dau: asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Hesabu ilionekana nyepesi. Mmea ukikua hunyonya hewa ukaa, gari likichoma mafuta yake huirudisha hewani, basi hakuna kilichozidi. Lakini mmea huo ungelimwa wapi, na kwenye ardhi ya nani?

Sisi Watanzania tulilijua jibu mapema. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, kwenye ardhi ya vijiji 11, ili ilime mibono kaburi (jatropha), ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kule Kilwa, BioShape ya Uholanzi ikapata takriban hekta 34,000, na ndani yake mlikuwa na misitu ya miombo. Mbono tunaufahamu, watu huupanda kuwa ua. Wawekezaji walisifu kwamba unastahimili ukame na udongo duni. Kustahimili unastahimili, ila kuzaa mbegu za kutosha biashara bila maji na rutuba ni jambo jingine kabisa. BioShape ilifilisika 2010, Sun Biofuels ikafuata 2011.

Kinachoniuma zaidi ni kilichobaki nyuma yao. Kwa sheria zetu za ardhi za 1999, mgeni hamilikishwi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Kwanza ardhi hiyo huhaulishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani inatoka mikononi mwa kijiji, ndipo apewe yeye. Kampuni ikifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Mwanakijiji aliyekuwa akiokota kuni, akichoma mkaa na kuchimba mizizi ya dawa pale anabaki kuwa mvamizi kwenye pori la babu yake, na lita za mafuta zilizoahidiwa Ulaya hazikuonekana.

Hata kwa hesabu ya tabianchi peke yake, mpango ule ulikuwa na kasoro. Ukifyeka msitu ili upande mafuta, unaachilia kaboni iliyohifadhiwa kwa miaka mingi. Ukichukua shamba la chakula, mtu mwingine atafyeka msitu mahali pengine ili watu wale. Mwaka 2008 mtafiti Timothy Searchinger na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science kwamba, mabadiliko hayo ya ardhi yakihesabiwa, ethanoli, yaani mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi ya Marekani, ingekaribia kuongeza uchafuzi maradufu katika miaka 30 ukilinganisha na petroli. Jimbo la California, Marekani, likaiingiza hoja hiyo kwenye kanuni zake za mafuta: kila mafuta yanapimwa kuanzia shambani hadi bomba la moshi, ardhi ikiwemo. Naiona hiyo ndiyo sera ya kuigwa. Ulaya ilisubiri hadi 2015 ndipo ikaweka ukomo wa asilimia 7 kwa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula.

Ninayaandika haya sasa kwa sababu zamu imefika kwa ndege. Tangu 2025 mafuta ya ndege katika viwanja vya Ulaya lazima yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu, yakiwemo yatokanayo na mimea, na lengo la 2050 ni asilimia 70. Macho yatageukia Afrika tena. Tayari nchini Kenya, tangu 2022, kampuni ya mafuta ya Eni ya Italia inakamua mbegu za mbarika Makueni na kusafirisha mafuta yake hadi kiwanda chake cha Gela, Italia. Pale angalau mkulima analima shamba lake mwenyewe, na hilo ni afadhali kubwa kuliko ya Kisarawe. Lakini mavuno yakiwa haba au bei ikianguka, hasara ni ya nani?

Siipingi Ulaya kupunguza moshi wake. Ukame na mafuriko yanatuumiza sisi kabla yao. Ninachodai kwa serikali yetu ni mambo mawili kabla ya hekta nyingine kutolewa. Sheria itamke kwamba mradi ukifa, ardhi inarudi kijijini bila kijiji kwenda kuiomba. Na mkataba wote, pamoja na kipengele cha nani anabeba hasara, usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla mtu yeyote hajatia sahihi.